Mume ana siliaki, mama mkwe ana kisukari: tujaribu boksi la mapishi la "mlo maalumu"?

Swali la msomaji:

"Mume wangu aligundulika ana ugonjwa wa siliaki miezi minne iliyopita. Mama mkwe anaishi nasi. Ana kisukari cha aina ya pili, na safari iliyopita daktari alisema figo zake zimeanza kudhoofika. Kila jioni napika sufuria tatu: ya mume, ya mama, na yangu na watoto wawili. Nikitoka kazini sina nguvu tena. Nimeona kampuni inayoleta nyumbani boksi lenye viungo vilivyopimwa tayari na kadi ya maelekezo ya kupika. Ina menyu za mlo maalumu: bila gluteni, wanga kidogo, na nyingine wanaiita rafiki kwa kisukari. Maboksi matatu ya kwanza ni nusu bei. Nijaribu? Na nitajuaje kama yanatufaa?"

Jibu:

Dada yangu, pole kwa sufuria tatu. Katika kazi hii ya ushauri wa lishe nimeona mara nyingi kwamba anayeanza kuishiwa nguvu ni yule anayeshika mwiko, na akishachoka yeye, mlo wa nyumba nzima unayumba. Kwa hiyo swali lako silioni kama la anasa hata kidogo.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Jaribu, ila agiza boksi moja, usiagize matatu. Liwe la menyu ya bila gluteni, na ulichague ukimfikiria shemeji kwanza. Mama usimwingize kwenye menyu ya wanga kidogo wala hiyo ya "rafiki kwa kisukari" mpaka daktari wake ajue unachotaka kufanya, akiwa na orodha ya dawa zake na majibu ya figo mbele yake. Maneno "mlo maalumu" yanaeleza menyu tu. Hayakwambii jiko lilikofungwa chakula likoje, na aliyeyaandika hajamwona mama yenu.

Nianze na shemeji. Siliaki ni kinga ya mwili kuushambulia utumbo mdogo kila gluteni inapopita, na gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano). Aliyeonyesha wazi kwamba ngano ndiyo chanzo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1950: watoto aliowatibu walipata nafuu ngano ilipoondolewa kwenye chakula chao, na waliugua tena iliporudishwa. Hadi leo tiba ni ile ile, kuiacha kabisa. Na hilo neno "kabisa" lina kipimo. Mwaka 2007 Carlo Catassi na wenzake walichapisha utafiti ambapo wagonjwa waliokwisha kuacha gluteni walipewa miligramu 50 kwa siku kwa muda wa siku 90, na utumbo wao ukaonyesha dalili za kuharibika. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gramu mbili za gluteni au zaidi. Kwa hiyo miligramu 50 ni makombo, yale yanayoganda kwenye kisu ukishakata mkate.

Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius vinataka chakula kinachoitwa "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Umoja wa Ulaya na Marekani wanatumia kipimo hicho hicho. Sasa rudi kwenye tangazo ulisome upya. Je, limeandikwa "bila gluteni", au "rafiki kwa wasiotumia gluteni", au "halina viungo vyenye gluteni"? La kwanza lina sheria nyuma yake. Hayo mengine yanazungumzia mapishi tu: aliyepanga menyu hakuweka unga wa ngano ndani yake. Hayagusi habari ya mikono, mizani na meza zilizotumika kufunga menyu nyingine dakika kumi kabla. Kampuni nyingi hufungia menyu zote kwenye ghala moja, na nyingine husema wazi kwamba hazipendekezi maboksi yao kwa mwenye siliaki. Maneno hayo huwa kwenye ukurasa wa maswali ya mara kwa mara, au chini kabisa kwa herufi ndogo. Yatafute kabla ya kulipa. Ukiyakuta, kwa shemeji mambo yameishia hapo, hata menyu ipendeze vipi.

Ukiona alama ya suke la ngano lililokatwa kwa mstari, hiyo ni alama inayotolewa chini ya vyama vya siliaki vya Ulaya, na mwenye kuitumia anakaguliwa. Hakikisha tu kwamba imetolewa kwa boksi zima. Wakati mwingine ipo kwenye pakiti ya tambi peke yake.

Hata alama ikiwepo, kuna mahali ambapo nataka macho yako yatue kila boksi likifika, napo ni kwenye vile vifuko vidogo vya michuzi na viungo.

Mwaka juzi nilikaa jikoni na mteja wangu mmoja mwenye siliaki tukafungua boksi lake la kwanza. Lilipangwa vizuri hata ukasita kulivuruga: kuku amefungwa peke yake juu ya barafu, karoti mbili, kitunguu kimoja, mchele uliopimwa, na mfuko wa karatasi wenye vifuko vitatu vidogo, ukubwa wa vile vya shampuu. Kadi ya mapishi ilikuwa na alama ya kijani ya bila gluteni. Kifuko cha kwanza kilikuwa cha mchuzi wa soya. Maandishi yake yalikuwa madogo mno, ikabidi niyapige picha kwa simu na kuikuza. Maji, soya, ngano, chumvi. Tukaandikia kampuni. Wakajibu kwamba mchuzi uliokusudiwa ulikuwa umeisha ghalani, ukawekwa mwingine "unaolingana". Kadi ilikuwa imeshachapwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini yule mteja angekula, na angeendelea kuiamini ile alama ya kijani wiki hadi wiki.

Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Siki ya kimea hutokana na shayiri. Vinyunyizio vya nyama, mchuzi wa kukaangia na mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa vinaweza kubeba unga wa ngano wa kuvifanya vizito au visigande. Nyama, mboga na mchele unaviona kwa macho. Kilichomo kwenye kifuko huwezi kukiona, lazima ukisome.

Na usomaji wenyewe una mtego. Marekani sheria inalazimisha vizio (vitu vinavyoleta mzio) tisa vikuu vitajwe, ngano ikiwemo. Ufuta uliongezwa kuanzia Januari 2023. Shayiri na rai hazimo katika hivyo tisa. Bidhaa inaweza kuwa haina neno "ngano" popote na bado ikawa na kimea cha shayiri. Umoja wa Ulaya una orodha ya vizio 14, na humo nafaka zote zenye gluteni lazima zitajwe kwa jina. Kwa hiyo angalia kwanza lebo imeandikwa kwa sheria ya wapi, na usikubali "bila ngano" ichukue nafasi ya "bila gluteni".

Kabla hujaagiza, iandikie kampuni. Iandikie, usipige simu, ili jibu libaki mkononi mwako. Uliza kama menyu ya bila gluteni inafungwa kwenye chumba au laini yake peke yake. Uliza kama chakula kilichokwisha kufungwa hupimwa gluteni, na kwa kipimo gani. Halafu uliza swali ambalo naliona zito kuliko hayo mawili: kiungo kikiisha na kikabadilishwa, mteja huambiwa kabla boksi halijaondoka? Kampuni inayojua kazi yake hujibu maswali haya kwa sentensi tatu zilizonyooka. Ukijibiwa kwa aya ndefu ya kukushukuru kwa kuwachagua, tafuta kampuni nyingine.

Sasa mama.

Tofauti na "bila gluteni", maneno "rafiki kwa kisukari" hayana kipimo cha kisheria, si Marekani wala Umoja wa Ulaya. Kila kampuni inayapa maana yake. Moja ina maana ya sukari kidogo, nyingine ya wanga mdogo, nyingine imepunguza tu ukubwa wa sahani. Soma namba za kila mlo: gramu za wanga, za protini, na kiasi cha chumvi au sodiamu. Namba nazo zina kabila zake. Kwenye lebo ya Marekani jumla ya wanga inajumuisha nyuzinyuzi. Kwenye lebo ya Ulaya nyuzinyuzi zimekwisha kutolewa. Chakula kile kile chenye nyuzinyuzi gramu 8 kinaweza kuandikwa wanga gramu 30 upande mmoja na 22 upande mwingine. Kama mama anapiga hesabu ya insulini kwa gramu za wanga, tofauti hiyo si ndogo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa. Mama akiwa anatumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi, na ghafla wanga kwenye sahani ukapungua nusu, dawa itaendelea kushusha sukari kama jana. Sukari inaweza kushuka mno. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, na kwa mtu mzima anaweza hata kuanguka. Kuna kundi jingine ambalo majina yake kwenye boksi la dawa huishia na "gliflozin", kama vile dapagliflozin na empagliflozin. Dawa hizi hupewa sana watu wa hali ya mama, wenye kisukari na figo zinazodhoofika, kwa sababu zinazilinda figo. Lakini mtu anayezitumia akiingia kwenye mlo wa wanga mdogo sana yuko kwenye hatari ya damu kujaa asidi ya ketoni, na hali hiyo inaweza kutokea hata sukari ikiwa haijapanda sana. Fungua kabati leo usome majina. Ukikuta mojawapo ya haya niliyoyataja, menyu ya wanga kidogo isubiri mpaka uongee na daktari.

Menyu hizo zina jambo lingine linalogusa figo. Wanga ukipunguzwa, pengo hujazwa na nyama. Mwongozo wa mwaka 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unashauri mtu mzima ambaye figo zimedhoofika kiasi cha kati au zaidi, na hajaanza kusafishwa damu kwa mashine, ale protini ipatayo gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mama akiwa na kilo 65, hiyo ni gramu 52 kwa siku nzima. Kifua cha kuku cha gramu 170, kipimo cha kawaida cha mtu mmoja kwenye maboksi haya, kina protini karibu gramu 38. Kile chakula cha jioni peke yake kinakula zaidi ya theluthi mbili ya siku yake, kabla ya kuhesabu yai la asubuhi na maharage ya mchana. Mwombe daktari namba ya mama mwenyewe, maana hutegemea hatua ya figo. Aliyeanza kusafishwa damu huhitaji protini zaidi, si pungufu.

Turudi kwenye vifuko, maana huko shemeji na mama wanakutana. Kijiko kikubwa kimoja cha mchuzi wa soya, mililita 15, kina sodiamu karibu miligramu 900. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku, yaani chini ya gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai hivi. Kifuko kimoja kinakaribia nusu ya siku. Kama lebo inataja chumvi badala ya sodiamu, gawanya kwa 2.5 upate sodiamu. Na angalia kadi inaposema "nyunyiza chumvi kidogo kadiri upendavyo": hiyo unayoichukua kwenye kopo lako mara nyingi haimo kwenye namba walizochapa. Kwa mama, weka nusu ya kifuko, na hatua ya kunyunyiza chumvi iruke kabisa. Ladha utairudisha kwa ndimu, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili manga.

Ila usidanganyike na kifuko kilichoandikwa "sodiamu kidogo" kabla hujakigeuza nyuma. Watengenezaji wengine hupunguza chumvi ya kawaida na kuweka kloridi ya potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima ni jambo jema. Kwa mama, kama potasiamu yake kwenye damu iko juu, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Pia tafuta neno "fosfati", au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452, kwenye nyama zilizokwisha kulowekwa viungo, jibini za kuyeyushwa na michuzi ya kiwandani. Fosfati ni fosforasi, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa vizuri mwilini, na iliyoongezwa kiwandani mwili huifyonza kwa urahisi kuliko ile iliyomo kwenye maharage au nafaka nzima. Lebo ya Marekani lazima ionyeshe potasiamu. Ya Ulaya hailazimiki. Fosforasi hailazimishwi kokote kati ya huko. Kwa hiyo unabaki na orodha ya viungo na barua yako kwa kampuni.

Hapa nakuomba kitu kimoja. Usimkataze mama ndizi, nyanya na viazi kwa kuwa tu umesikia neno figo. Si kila mwenye figo dhaifu anatakiwa kupunguza potasiamu. Inategemea kipimo cha damu. Nimewaona wazee waliokatazwa kila kitu na watoto wao kwa mapenzi, wakakonda, wakaanza kula kwa kujificha. Uliza namba yake kwanza.

Kuhusu usafiri wa boksi lenyewe sitasema mengi, ila hili lisikupite. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na Tennessee State nchini Marekani walieleza matokeo ya kuagiza mamia ya vyakula vinavyotumwa majumbani. Karibu nusu ya nyama, kuku na samaki waliopima walifika wakiwa wamepita nyuzi joto 4 za Selsiasi. Barafu ilikuwemo kwenye maboksi. Nunua kipimajoto cha jikoni. Boksi likifika, kunja pakiti ya kuku juu ya kipimajoto bila kuitoboa, subiri kitulie, na usome. Ikiwa imepita nyuzi 4, piga picha, irudishe au itupe, udai pesa yako. Umri, kisukari na figo vyote vinadhoofisha kinga, na sumu ya chakula inayomlaza kijana siku moja inaweza kumlaza mama hospitalini. Agiza liletwe siku ambayo kuna mtu nyumbani. Lisikae mlangoni tangu asubuhi hadi utoke kazini.

Pesa. Nusu bei huwa haina ubaya wowote, lakini kwa kawaida ukichukua punguzo unakuwa umejisajili, na boksi linalofuata litakuja lenyewe na kukatwa kwenye kadi yako usipolisimamisha. Siku ya mwisho ya kusimamisha huwa siku kadhaa kabla ya boksi kuja, wakati mwingine kabla hata hujapika la kwanza. Siku ile ile unayoagiza, ingia kwenye akaunti, ruka wiki mbili zinazofuata, na uandike tarehe ukutani. Gharama ya usafirishaji mara nyingi haimo kwenye nusu bei, kwa hiyo ijumlishe. Halafu piga hesabu ya sahani moja kwa bei kamili, maana hiyo ndiyo utakayoishi nayo kuanzia boksi la nne. Ilinganishe na unachotumia sasa, ukijumlisha vile vinavyooza kwenye friji kwa kuwa ulichoka kuvipika, na ile mikate ya bila gluteni unayomnunulia shemeji kwa bei ya juu. Watu husahau hesabu hiyo ya vinavyooza, na wakati mwingine ndiyo inayofanya boksi lionekane la maana.

Jaribio lenyewe lifanye hivi. Chagua wiki tulivu, ambayo mama hajabadilishiwa dawa na hakuna safari. Chagua mapishi matatu yanayofanana na mnavyokula tayari. Wiki ya majaribio si ya kumfundisha mama vyakula vigeni. Boksi likifika, kabla hujaweka kitu kwenye friji, tandaza vifuko vyote mezani na uvisome kimoja kimoja na shemeji, awe yeye ndiye anayesoma. Ni ugonjwa wake, atausoma maisha yake yote, na mtu wa pili akijua kusoma lebo mzigo wako unapungua siku hiyo hiyo. Kisha pika sufuria moja. Chakula cha msingi kiwe bila gluteni kwa wote, chumvi isiingie jikoni, na mchuzi ugawiwe mezani: shemeji anapata wake kamili, mama nusu, watoto watakavyo. Kwenye sahani ya mama, nusu iwe mboga, robo wanga, robo nyama, hata kama kadi imechorwa vingine. Hiyo ndiyo njia ya kutoka kwenye sufuria tatu, na utaweza kuiendeleza hata bila boksi.

Vyombo visikusaliti. Boksi safi likipikwa kwa mwiko wa mbao uliokoroga tambi za watoto, au kuchujwa kwa chujio lile lile, gluteni imerudi. Mnunulie shemeji chujio, mwiko na ubao wake wa kukatia, vya rangi moja, na mkate wake usiingie kwenye kibaniko cha wengine.

Uliuliza utajuaje kama linawafaa. Kwa mama utajua kwa glukomita, kile kifaa cha kupimia sukari ya damu. Apime kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, jioni zote tatu, na jioni tatu za wiki iliyotangulia kwa chakula chenu cha kawaida ili uwe na cha kulinganisha. Kwa wengi lengo ni kubaki chini ya 180 mg/dL, sawa na 10 mmol/L, baada ya chakula, ingawa kwa mzee daktari anaweza kulegeza. Andika pia kama alimaliza sahani. Mlo wenye namba nzuri ambao mzee anaubakiza nusu haujamfaa.

Kwa shemeji ni vigumu zaidi, na hapa wengi hukosea. Asiposikia maumivu ya tumbo wanasema boksi ni salama. Wapo wenye siliaki ambao utumbo unaharibika bila dalili yoyote. Kipimo chake ni damu: kingamwili za tTG-IgA, ambazo hufuatiliwa miezi kadhaa baada ya kuacha gluteni na kila baada ya muda. Anakaribia miezi sita, kwa hiyo kipimo hicho kiko karibu. Ningependa akipate kabla hamjaanza maboksi kwa wingi, ili mkija kupima tena mjue mabadiliko yametoka wapi. Kingamwili zikiwa zinashuka na baadaye zikapanda, boksi linakuwa mtuhumiwa wa kwanza. Tunza kadi na vifuko vitupu kwa wiki mbili kila mara, kwenye mfuko mmoja. Akiugua, utakuwa na cha kumwonyesha daktari, na cha kuitumia kampuni.

Kwako wewe, angalia saa. Andika ulianza kupika saa ngapi na mlikaa kula saa ngapi. Kadi zikiahidi dakika 30, mimi huhesabu 45 kwa mtu anayezipika mara ya kwanza, kwa sababu mboga mara nyingi zinakuja nzima na utazikata mwenyewe. Kama bado unamaliza jioni ukiwa hoi, boksi hili halijakutatulia tatizo. Pengine unachohitaji ni chakula kilichopikwa tayari mara mbili kwa wiki, au shemeji kushika jiko siku mbili.

Mwisho, watoto. Hukuniuliza habari zao, lakini ukipika sufuria moja bila gluteni, nao wataanza kula bila gluteni jioni. Mtoto ambaye mzazi wake ana siliaki ana uwezekano wa takriban mmoja kwa kumi wa kuwa nayo, hata akiwa mnene na mchangamfu. Kipimo cha damu hufanya kazi mtu akiwa bado anakula gluteni. Akishaiacha kwa muda, majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Mabakuli matatu ya jioni hayatavuruga kitu mradi wanaendelea na mkate wao asubuhi na shuleni. Lakini ukiona mnaelekea kuibadilisha nyumba nzima, wapeleke wapimwe wote wawili kwanza, mkate ungali mezani.